Mbuzi wa Kuvunja Haya

“Nampa Mama Maureen,” mwanangu alisema, na macho yake yakabaki mezani.

Juu ya meza hiyo palikuwa na simu yake na kitambulisho chake, vimewekwa pamoja kama vitu vya marehemu vinavyongoja jamaa zake. Madam Wahu, mshauri wa watu waliozama katika kamari, alikuwa amemwambia achague mtu mmoja wa kumtunzia vitu hivyo, mtu ambaye hata akililiwa machozi ya damu hatavirudisha. Mimi nilikuwa nimeshafungua zipu ya mkoba. Nilikuwa hata nimeisogeza Biblia upande mmoja ili simu ipate pa kulala. Nikaifunga zipu polepole, jino moja moja, maana ofisi ile ya Hurlingham ilikuwa kimya na sikutaka mtu asikie.

“Mama Maureen ni nani?” Madam Wahu aliuliza.

“Ni mama yangu mzazi,” alijibu Maureen, mke wa mwanangu. “Yuko hapo nje kwenye korido.”

“Basi mwiteni aingie.”

“Hawezi kuingia nikiwa humu,” Kitavi, mwanangu, alisema.

Madam Wahu alitutazama mmoja baada ya mwingine. Yeye ni Mkikuyu. Kwao mambo haya yana sura nyingine. Ikabidi nimweleze mimi, na maneno yenyewe yalinichoma ulimi: kwamba kwetu sisi Wakamba mwanamume na mama mkwe wake wana kitu kinachoitwa nthoni, yaani haya yenye sheria zake. Hawapeani mikono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja humpisha mwenzake. Wengi wa siku hizi wameiacha, hasa hapa mjini, lakini Mama Maureen hakuiacha. Na mwanangu, ambaye ameacha mengi, hiyo nayo hakuiacha.

“Na ndiyo sababu umemchagua?” Madam Wahu akamwuliza.

Kitavi aliinamisha kichwa kukubali.

Maureen akavichukua vile vitu, akatoka navyo. Mlango ulipofunguka nikamwona mwenzangu ameketi kwenye benchi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, ameupa mlango mgongo. Alipokea bila kugeuka. Nilimwonea wivu pale pale. Nasema wivu kwa kuwa sina jina jingine la kukipa kitu kile. Ulikuwa wivu wa mke mkubwa anayesikia vyombo vikilia jikoni kwa mke mdogo.

Mwanangu ni fundi wa lifti katika majengo marefu ya katikati ya jiji. Lifti ikikwama na watu ndani, wakaanza kupiga makelele na kumwita Mungu, yeye ndiye huitwa. Huwaambia kupitia ufa wa mlango, “Tulieni, nimefika,” na wao hutulia. Mkono wake ni mwepesi na sauti yake ni ya mtu wa kuaminika. Kumbe mwenyewe alikuwa amekwama muda mrefu, na sisi wa nje tukidhani yuko njiani anapanda.

Kilichomkwamisha ni kindege. Nilikiona siku moja alipokuwa amesinzia kwenye kochi langu hapa Mountain View, simu iko wazi kifuani. Kindege chekundu kinapaa, namba zinapanda pamoja nacho, na mchezaji hutakiwa kuruka na pesa zake kabla hakijatoweka. Hakina rubani, hakina abiria, hakina kinakokwenda. Kikitoweka, kinaanza tena. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikakitazama kikiruka na kupotea, kikiruka na kupotea, hadi maziwa yakafurika jikoni. Hapo niliogopa, maana nilikuwa sijaweka hata shilingi, na bado nilitaka kuona mruko mmoja zaidi.

Kindege hicho kilibeba karo ya mtoto, kikabeba pikipiki, na mwisho kikabeba friji. Friji aliiuza Jumapili, Maureen akiwa kanisani. Jirani ndiye aliyemsaidia kuiteremsha ngazini, huku akimpa pole kwamba vitu vya umeme siku hizi havidumu, kwa sababu alikuwa ameambiwa inapelekwa kwa fundi.

Ukutani kwa Madam Wahu palikuwa na bango. Mimi masomo yangu niliyaachia chini, nikalisoma silabi kwa silabi: Kamari ni ugonjwa. Moyo wangu ukatua. Nilikuwa nimechoka kusikia kwamba mwanangu ni mwizi na mlafi. Tena ugonjwa naujua. Ugonjwa una uji, una blanketi, una kukesha. Na mgonjwa, hata awe na mvi, ni wa mama yake.

Maureen hakulitaka bango hilo. Tulipofika nyumbani kwangu aliketi kitako jikoni, viatu bado miguuni.

“Mama, ni ugonjwa gani unaojua tarehe ya mshahara?” aliniuliza. “Malaria humshika mtu siku yoyote. Huu wake hungoja mwisho wa mwezi.”

“Hata pumu hungoja baridi,” nikamjibu.

“Pumu haijawahi kuuza friji yangu.”

Nilibana midomo nisicheke, naye akaona, akacheka yeye kwanza. Kisha kicheko kikamgeukia.

“Alichagua, Mama. Kila siku alichagua, na mimi nilikuwa hapo hapo kitandani, sikuchaguliwa. Angekuwa na mwanamke, ningemjua jina. Ningemfuata nimwone ana nini ambacho mimi sina. Sasa mimi nitagombana na kindege?”

Nilimpa maji ya kunywa, kwa kuwa sikuwa na la kumpa. Nilijua alichokuwa akikisema. Tofauti yetu ni kwamba wangu wa kugombana naye alikuwa na jina, Mama Maureen, na kwake nilikujua.

Mama Maureen huuza miche kando ya barabara kule Muthangari. Ana mabougainvillea, ana roziameri, ana miti ya matunda iliyopandikizwa, vyote kwenye mifuko myeusi iliyopangwa kama wanafunzi gwarideni. Kila Jumamosi Kitavi alitakiwa kufika pale kutoa habari zake za wiki. Madam Wahu ndiye aliyepanga hivyo, nao wenyewe wakapanga namna ya kufanya bila kuvunja heshima. Jumamosi moja nikajiambia kwamba ninahitaji mche wa mlimau. Nikaenda, nikasimama ng’ambo ya barabara kando ya ukuta wa nyumba ya watu.

Mwanangu alifika kwa miguu. Kabla hajafika, alisimama. Akachomeka shati. Akapangusa kiatu kimoja kwa nyuma ya suruali, kisha cha pili. Kwangu huja na kandambili, hufungua sufuria kabla hajanisalimu. Akakaribia safu ya mabougainvillea, akageuka ubavu, akatazama barabara. Upande wa pili wa maua, Mama Maureen aliendelea kujaza udongo kwenye mifuko bila kuinua kichwa. Niliona midomo ya mwanangu ikicheza kidogo tu, maneno machache. Kisha mwenzangu akasema kitu kifupi zaidi, na mabega ya Kitavi yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Akaenda zake. Jambo lote halikufika hata muda wa kuchemsha chai.

Mimi nimemlea miaka yote hiyo, nikamwombea, nikamkemea, nikalia mbele yake hadi sauti ikakauka, na sijawahi kuona mabega yale yakishuka.

Nikavuka barabara.

“Mama Kitavi! Karibu,” alisema, akijipangusa mikono. “Mwanao ametoka hapa sasa hivi.”

“Natafuta mlimau.”

“Milimau imekwisha. Lakini umesimama pale ukutani sana, kwa mtu anayetafuta mlimau.”

Akanivutia debe nikalie, na yeye akaketi juu ya jiwe.

“Huwa anakuambia nini?” nikauliza.

“Hayo ni yake.”

“Ni mwanangu, Mama Maureen.”

“Ni mwanao, nani amekataa? Lakini ningekuwa mtu wa kukupa maneno yake, asingeniletea.”

“Basi hongera. Umepata mwana bila uchungu wa kuzaa.”

Hakukasirika. Alichukua kipande cha udongo, akakivunja kwa vidole hadi kikawa unga.

“Unanionea wivu wa nini?” alisema. “Tangu amwoe Maureen sijampa hata kikombe cha chai mkononi mwake. Mtoto wao akiugua, nangoja nisikie kwamba baba yuko kazini ndipo niende. Siku ile ya friji nilitaka nimzabe kofi, halafu nimkumbatie. Sikuweza hata moja. Wewe unaweza yote mawili. Mimi ninachoweza ni kujaza udongo huku ninamsikiliza.”

Mwanamke mwingine angeyasikia maneno hayo akatulizwa. Mimi niliyasikia nikaona mlango. Maana desturi yetu haikufunga kila kitu. Kwetu, mwanamume akimpelekea mama mkwe wake mbuzi, watu wa pande mbili wakala, haya inavunjwa. Tangu siku hiyo anaweza kuingia kwake, akaketi, akala, akazungumza naye kama mtoto na mzazi. Kitavi alioa mambo yakiwa ya haraka, na mbuzi huyo hakupelekwa.

“Kosa ni letu,” nikamwambia. “Tulipaswa kukuletea mbuzi zamani. Tutamleta.”

Mama Maureen aliacha udongo ukaanguka. Macho yake yalijaa, akageukia maua.

“Akija,” alisema, “chapati nitazisukuma mimi mwenyewe. Asizisukume mtu mwingine.”

Nikarudi nyumbani nikitembea kama msichana. Nilijiambia kwamba natengeneza heshima ya watu wawili. Sikujiambia lile jingine, kwamba haya ikivunjwa, Mama Maureen atakuwa mama tu. Atakuwa wa kuombwa, wa kubembelezwa, wa kudanganywa. Atakuwa kama mimi.

Mbuzi nilimpata kwa jamaa yetu mmoja aliyekuja na gari kutoka Machakos, beberu mweupe mwenye madoa shingoni. Nikamfunga nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo. Njuguna, mwenye ploti, alifika kabla sijamaliza kumpa majani.

“Mama Kitavi, hii ni ploti ya watu, si zizi!”

“Ni mgeni wa siku chache tu.”

“Mgeni? Mgeni wako amekula kaptura ya mtu wa namba tatu!”

“Mwambie nitamnunulia nyingine.”

“Anataka hiyo hiyo. Anasema ni ya kuchezea mpira.”

Kitavi alipopita jioni hiyo akitoka kazini, nikamwonyesha. Nilitarajia ataguna, aseme hana nafasi, hana nguo ya shughuli. Badala yake uso wake ulifunguka.

“Mama! Umefikiria jambo la maana sana. Lini?”

“Jumamosi ijayo.”

“Haiwezekani kabla?” Akachuchumaa, akamkuna mbuzi kati ya pembe. “Akishachinjwa, nitaingia mle ndani?”

“Utaingia.”

“Nitaketi naye? Tuzungumze uso kwa uso?”

“Mtazungumza.”

“Na kumwomba kitu, naweza?”

Aliuliza polepole, akimtazama mbuzi, si mimi. Lakini niliona jicho lake upande. Lilikuwa na mwanga ambao nilikuwa nimeuona siku ile ya kochini, alipoamka ghafla na kuitafuta simu kifuani kabla hajajua yuko wapi.

“Utaweza,” nikasema, na sauti yangu haikutoka vizuri.

Wiki hiyo nilichagua muthokoi kila alasiri, nikitenga mahindi mabovu na mazuri kwenye ungo, na kila alasiri nilijikuta nimeyachanganya tena. Ni nani aliyeniuliza lile swali? Madam Wahu angesema ni ugonjwa, una ujanja wake, hujua kutumia mdomo wa mgonjwa. Maureen angesema ni Kitavi mwenyewe, mtu mzima mwenye akili zake, anayejua anachotaka na njia ya kukipata. Nilijaribu kuwatenganisha wale wawili. Nilimkumbuka mtoto, nikamkumbuka kijana, nikamkumbuka mtu wa lifti anayewaambia watu watulie. Sikuona mshono. Nilichokiona, kila nilipoinua kichwa, ni yule mbuzi dirishani akitafuna, na nilijua ni nani aliyemleta.

Jumamosi Kitavi alifika asubuhi, amevaa koti lake la arusi.

“Yuko wapi? Twende, Mama. Maureen ametangulia na mtoto.”

“Yuko nyuma. Lakini haendi.”

Alidhani ninatania. Akacheka, akachungulia dirishani, akanirudia.

“Haendi vipi? Watu wanangoja. Mama mkwe ameshakanda unga!”

“Najua. Na mimi ndiye nitakayemwomba radhi. Kwa unga huo nitaomba radhi hadi nife.”

“Ni wivu!” Sauti ilipanda. “Maureen aliniambia, nikamkatalia. Umeona wivu yeye kuniwekea simu!”

“Wivu ndio ulionunua mbuzi, mwanangu,” nikasema. “Anayemzuia si wivu.”

Akazunguka chumba kile kidogo, akagonga goti kwenye meza, akatukana meza.

“Kwa hiyo mimi ni mwizi. Sema tu. Unaona nitaenda kumlaghai mwanamke mzee.”

“Madam Wahu anasema wewe ni mgonjwa. Mkeo anasema ulichagua. Mimi nimekuwa nawe kabla hujaota meno, na sijui. Lakini uliponiuliza kama utaweza kumwomba, nilikusikia. Wewe hukujisikia?”

Aliketi kwenye mkono wa kochi, koti likapanda hadi masikioni. Nje Njuguna alikuwa akimfokea mbuzi. Tukakaa hivyo, na mimi nina kipaji kimoja tu duniani, cha kukaa bila kuharakisha mtu.

“Basi niazime simu yako,” alisema mwishoni, kwa sauti ya chini, sauti ile ya kuaminika. “Nimpigie nimwambie hatuji. Kumwacha mtu akingoja si adabu.”

Lilikuwa jambo la haki. Simu yangu ilikuwa kwenye kabati la vyombo. Nikaenda kuichukua. Na nilipokuwa naichukua, swali lililonikaa tangu Hurlingham likatoka lenyewe.

“Kitavi, kwa nini hukunichagua mimi?”

Alinitazama kwa huruma. Tangu mambo haya yaanze, ilikuwa mara ya kwanza yeye kunihurumia mimi.

“Angalia mkono wako, Mama.”

Nikauangalia. Ulikuwa umenyooka mbele yangu, mbali na mwili, na simu iko kwenye kiganja, imeshafunguliwa, kioo kinamtazama yeye.

Sikukumbuka kuunyoosha.

Nikaurudisha kifuani. Nilitafuta jina la Mama Maureen mwenyewe, kwa kidole changu kisichojua haraka, nikapiga. Kisha nikamsogelea mwanangu, nikamwekea simu sikioni nikiwa nimeishika kwa nguvu zangu zote.

“Sema,” nikamwambia. “Naishika mimi.”

Simu iliita. Sauti ilipoitika upande wa pili, Kitavi alisimama wima kama mtu aliyeona mkubwa anaingia chumbani, na kwa kuwa yeye ni mrefu, ikabidi ninyanyue mkono kama mtu anayeanika nguo kwenye kamba ya juu. Alisalimu. Nilidhani ataishia hapo.

“Mbuzi haji leo,” alisema. “Si kosa la Mama.”

Nilisikia tu mnong’ono wa mbali ambao sikuweza kuushika.

“Na lingine.” Alimeza mate. “Wiki hii nilicheza. Kwa simu ya mwenzangu wa kazi. Tulikuwa juu ya paa la lifti, gizani mle, yeye ameshuka kuleta waya. Nilijua ninachofanya. Nilijua kabisa, na sikuweza kuacha. Sijui ni lipi la kweli kati ya hayo mawili. Yote mawili yalikuwapo.”

Nimezaa mtoto huyu. Uwongo wake wote niliupokea mimi, mtamu na mchungu. Ukweli wake huwa naukuta baadaye, katika nafasi za vitu ambavyo havipo tena. Sasa ulikuwa unapita karibu na uso wangu, naona hata jasho la mdomo wake, na haukuwa unakuja kwangu. Ulikwenda Muthangari, kwa mwanamke aliyesimama mahali fulani na unga mikononi, asiyeweza kumwambia njoo ukae.

Moyo uliniuma. Sitasema haukuniuma.

Kitavi alifunga macho ili asikie vizuri anachoambiwa. Maneno yalikuwa mengi safari hii. Mwenzangu alikuwa na mengi ya kusema, ama alikuwa analia. Mkono wangu ulianza kuchoka. Nikauweka wa pili chini yake, kuuegemeza, na simu ikabaki pale pale.